Rweya Tuliyoifunga Bila Kuwauliza Wenyewe

Laiti ningekataa kuweka sahihi siku ile. Nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu, kati ya Bukoba na Muleba, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Tulikuwa wazee sita, wote wenye vibanja vya kurithi, vya migomba na kahawa. Chemchemi yetu ilikuwa inapungua maji. Tukaamua kuifunga rweya, ule uwanda wa nyasi ulio juu yake, tupande miti ya misambya, na mtu asilime wala kukata nyasi huko.

Miti haikuwa wazo baya. Hata leo nalitetea. Tulikosea kwa watu. Nje ya ofisi ya kijiji walisimama wanawake kama kumi na miundu yao, wakitaka kusikilizwa. Kwetu mwanamke asiye na kibanja hulima njugu mawe kwenye rweya, na nyasi anazokata huko ndizo tunazotandaza chini ya migomba yetu. Mmoja wao alikuwa dada yangu. Ndoa ilipomshinda alirudi nyumbani akakuta baba ameniachia mimi kibanja chote, kama ilivyo desturi. Nilimpa chumba cha uani. Shamba lake lilikuwa rweya.

Aliniita dirishani. "Kaka, tuingizeni. Sisi ndio tunaojua maji yanakotokea. Tutawaonyesha pa kupanda na pa kutuachia."

"Mtaambiwa tukimaliza," nilimjibu.

"Haya. Na nyasi za migomba yako utakata mwenyewe? Kwa mgongo huo unaokuuma kila siku?"

Wenzake wakacheka. Mwenyekiti wa kamati akanisukumia karatasi. "Waitu, bwana, andika tuondoke. Tukianza kuwauliza wakata nyasi, tutalala hapa."

Nikaandika kwamba wananchi wameshirikishwa, nikaweka sahihi.

Uchaguzi wa kijiji ulipofika, akajitokeza mfanyabiashara mmoja aliyefunga kipaza sauti kwenye pikipiki. Sijawahi kumwona akipanda hata mche. "Nani kawafungia rweya?" aliuliza. "Wenye vibanja. Wao wameshiba, sasa wanalisha miti. Kuna aliyewauliza ninyi?" Watu wakaitikia kwamba hakuna. Mengi aliyosema yalikuwa uongo, lakini hilo lilikuwa kweli, na uongo wa kwamba waliulizwa nilikuwa nimeuandika mimi. Dada yangu alikaa mbele akipiga makofi.

Nyumbani nilimwambia, "Yule anawadanganya."

"Huenda," alisema. "Lakini ameniuliza ninataka nini."

Mtu yule akashinda, akawa mwenyekiti wa kijiji. Wiki hiyohiyo wanawake walikwenda rweya wakang'oa miche yote, dada yangu akiwemo. Walivuna njugu mara moja tu. Kisha mwenyekiti mpya akaigawa rweya kwa rafiki zake, nao wakapanda mikaratusi, ile miti inayonyonya maji, mpaka ukingoni mwa chemchemi. Wanawake walipomwendea, aliwaambia wakawaulize wasomi wa kamati. Chemchemi sasa ni tope.

Baadaye mwenyekiti huyo alitaka udiwani, akaenda kuhutubia kijiji cha jirani. Nilikuwapo, nilikuwa nimefuata machipukizi ya migomba. Wale nao walikuwa wamepanda miti juu ya chemchemi yao, ila kamati yao nusu ilikuwa wakata nyasi, na wao ndio waliopima sehemu ya miti na sehemu ya kulima. Alipoanza kusema miti imewaibia ardhi, bibi mmoja akasimama.

"Baba, imeiba wapi? Twende ukanionyeshe. Mpaka ule niliupima mimi, kwa kamba ya mbuzi wangu."

"Labda mbuzi ndiye kapunjwa," akadakia mwingine.

Walicheka mpaka akazima kipaza sauti. Na mimi nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba kupima huko ndiko dada yangu alikotuomba pale dirishani, kabla hatujapanda hata mti mmoja.

Rweya ilipokwisha gawanywa tu, kabla ya mkutano huo, dada yangu aliamua kumfuata binti yake aliyepanga chumba Muleba. Nilimwomba abaki.

"Nibaki nilime wapi?" aliuliza, huku akifunga gunia la nguo zake.

Ningeweza kumkatia sehemu ya kibanja. Baba alikwisha kufa, hakuna ambaye angenizuia. Badala yake nilimbebea gunia mpaka barabarani, akasubiri basi.

Mwaka jana alifariki huko. Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja cha kwao; makaburi ya mji ni ya asiye na kwao. Nilikuwa nimekwisha kuchimba kaburi, nikaenda na wanaume wanne kumchukua. Binti yake alitupokea nje ya nyumba.

"Mjomba, mniwie radhi. Mama alikataa kurudi. Alituapisha."

Tulimzika Muleba, kwenye makaburi ya mji, kati ya watu tusiowajua. Nilikuwa na dada mmoja tu. Sahihi ile ilinipotezea yeye akiwa hai, na alipokufa hakukubali hata kuzikwa kwangu.