Medali za Baba Mkubwa na Nusu ya Mkate

Mwanangu, kabla hujazipiga picha hizo medali uweke kwa status yako, keti kwanza. Simu haitakimbia. Nakumbuka siku moja huko Kajiado nilizivaa mimi mwenyewe, nikiwa morani, na mpaka leo nikiifikiria nasikia aibu.

Zilikuwa za baba mkubwa, Parsaloi, ndugu mkubwa wa baba yangu. Alienda vita vya Wazungu akiwa kijana, akashikwa mateka huko jangwani, Waitaliano wakamvusha bahari, wakamfunga zaidi ya miaka miwili. Alirudi na medali tatu ndani ya kopo la majani chai, na tabia moja iliyotuchekesha sana. Hakula kitu bila kukikata nusu. Hata chapati ikiwa moja, nusu yake, nusu ya yeyote aliye karibu. Kama hakuna mtu, alingoja. Sisi vijana tulisema jela ilimharibu kichwa. Wajinga kweli!

Kwetu morani wa Kimaasai, kushikwa mateka lilikuwa jambo baya. Morani anakufa na mkuki wake, hainui mikono. Kwa hivyo sherehe ya rika letu ilipokaribia, nilichukua zile medali bila kuomba, nikampa dada yangu azishonee kwenye ushanga wangu wa shingo. Nikaenda kuruka nazo. Zililia kifuani, wasichana wakageuka, na mimi nikaanza kudanganya. Ati mzee wetu aliua maofisa, ati hakuna adui aliyemgusa. Mmoja wa rika akauliza, si huyo ndiye alifungwa na Waitaliano?

"Huyo ni mwingine," nikasema. "Huyo si wetu."

Kugeuka, nikamwona baba mkubwa amesimama nyuma yangu na kibuyu cha maziwa. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani kutuletea. Alikiweka chini, akarudi alikotoka. Yale maziwa yalinishinda kumeza, mwanangu. Baba mkubwa akikukataa, nani atakubariki siku ya kuoa? Nilijua nimejimaliza mwenyewe.

Asubuhi nikampelekea medali zake. Nilimkuta amekaa na chai na kipande cha mkate. Nikaziweka miguuni pake, nikainamisha kichwa vile mtoto husalimia mzee, nikingoja mkono wake. Haukuja haraka. Alianza kunieleza, polepole. Huko kambini walipewa kipande kidogo cha mkate kwa siku, na kila mtu alijificha akila chake. Lakini yeye alikuwa morani, na morani hali peke yake, lazima mtu wa rika lake awepo. Sasa huko atatoa rika wapi? Akamtafuta mgonjwa mmoja, Mkikuyu wa Ngong, akamfanya ndiye rika lake. Wakagawana kila siku. Kuna siku mwenzake alishindwa kutafuna, naye alingoja, mkate mkononi na njaa tumboni, mpaka huyo ameze kwanza. Walirudi nyumbani wote wawili.

"Hizi nilipewa kwa kwenda vitani," akasema, akizigusa na fimbo. "Kwa ile miaka nilifungwa, hakuna mtu alinipa kitu. Na hiyo ndiyo miaka nilikuwa morani."

Kisha akaweka mkono kichwani mwangu, akakata mkate, akanipa nusu. Nilikula nikilia, na sikujificha. Nimeishi sana, nimeona Kitengela ikijaa magorofa na wakubwa wa kila aina, lakini mwanaume kama yule sijamwona tena.

Kwa hivyo zipige picha, sikukatazi. Lakini andika yote. Andika alishikwa, andika alifungwa, usione haya, kwa sababu hapo ndipo alionyesha yeye ni mtu wa aina gani. Usimkane mtu wako ili watu wakupigie makofi. Na siku maisha yatakufunga mahali hakuna anayekuona, mtafute aliye dhaifu kuliko wewe, umkatie nusu, na umngoje ameze.

Haya, chapati inapoa, shika nusu yako. Enkai, Mungu wetu, akutangulie njia zote, akupe mifugo na watoto, na popote utakapoketi kula, usikose mtu wa kula naye.