Mgongo wa Mkwe

Shinyanga waliniita wakili wa wauaji. Hawakuniita hivyo usoni, la, usoni nilikuwa Mzee Wakili, shikamoo nyingi na kofia mkononi. Lakini nikishaipa mgongo baraza ya duka nasikia, "Huyo ndiye anayewatoa." Kana kwamba nilikuwa nafungua zizi la fisi!

Miaka ya sabini mawakili tulikuwa wa kuhesabika kanda ile. Jaji akija kusikiliza kesi za mauaji, serikali inanipa washitakiwa wasio na uwezo, nami nawatetea. Nilishinda nyingi. Nilimtoa mchimbaji wa dhahabu wa Geita, aliyedaiwa kumfukia mwenzake shimoni, kumbe shimo liliporomoka lenyewe na yeye ndiye aliyefukua kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu. Nilimtoa mama mmoja wa Ushirombo aliyesingiziwa sumu. Hakuna kati yao aliyenitembelea tena. Yule mchimbaji tulikutana stendi siku moja, akavuka barabara mbio, nusura agongwe na lori la pamba. Mtu uliyemtoa kitanzini hapendi kukutana nawe, maana akikuona anakiona kitanzi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mke wangu alivumilia vumbi la Shinyanga misimu miwili, kisha akaenda kumuuguza mama yake na huko akabaki. Watoto hatukujaliwa. Jioni nilikula wali hotelini, meza ya pembeni, na wenye hoteli walikuwa wema kabisa, ila hakuna aliyevuta kiti. Msikitini mkono wangu ulishikwa na kuachiwa. Niseme tu ukweli: nilikuwa mpweke, na upweke ulinifanya mkali. Makarani walinikoma.

Sasa, kesi ninayotaka kuisimulia ni ya kijana mmoja wa upande wa Samuye.

Baba mkwe wake aliuawa na wezi wa ng'ombe jua likizama. Mama mkwe akapiga yowe. Kwa Wasukuma yowe si jambo la kujadiliana: ukisikia, unaacha hata ugali mdomoni, unashika silaha, unakimbia. Asiyekimbia ndiye mwizi. Majirani walipofika walimkuta huyu kijana amefika kabla yao. Amesimama kwenye mlango wa ua wa minyaa, mkuki mkononi, ameipa nyumba mgongo, anatazama barabarani. Ndani mzee anakata roho, na mkwe wake hakuingia hata hatua moja!

Walimuuliza kwa nini. Hakujibu. Tena ilijulikana kwamba yeye na mzee waligombania mpaka wa shamba. Basi, wakasema, alikuwa analinda njia wenzake watoroke. Polisi wakamchukua, na kesi ya mauaji hukumu yake ilikuwa kunyongwa.

Nilimfuata gerezani. Kijana mrefu, mpole, anaangalia miguu yake.

"Kwa nini hukuingia?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nimegeuka, mzee."

"Ulikuwa umegeuka kwa nini?"

Akatazama tena miguu yake. Nikapandwa na hasira. "Wewe bwana, watakunyonga! Unanielewa? Mimi nitakwenda nyumbani kula, wewe watakunyonga!"

"Ninaelewa, mzee," akasema.

Nikaona heri nikamsikilize mjane mwenyewe. Nilikwenda Samuye na mkalimani, nikamkuta anapura mtama. "Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma changu kibovu, akacheka kidogo, akanipa kigoda. Alikuwa mama wa makamo aliyekonda kwa msiba. Nikamwomba anieleze jioni ile tangu mwanzo, polepole.

Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabua, anaoga. Akasikia mume wake akilia. Akatoka.

"Ulitoka vipi, mama?"

Mkalimani akasita kuuliza. Nikamkazia macho, akauliza. Mama akaokota punje za mtama moja moja. Kisha akasema alitoka alivyokuwa. Alikimbia uani alivyokuwa, akapiga yowe alivyokuwa. Kanga aliipata baadaye, kabla majirani hawajafika. Wakati ule hakumwona mtu mlangoni, macho yake yalikuwa kwa mumewe.

Lo! Hapo nikaelewa. Mkwe wa kule haruhusiwi hata kukaa kitako mbele ya mama mkwe wake. Wakikutana njiani, kila mmoja anashika upande wake wa vichaka. Na kijana huyu amekuja mbio kwa yowe, amefika mlangoni, amemwona mama mkwe yu uchi wa mnyama. Aingie vipi? Akimbie vipi, na yowe linamwita? Akageuka, akasimama hapo hapo, akangoja mtu mwingine afike. Kama angesema sababu, angemvua mama yule nguo mara ya pili mbele ya watu wote. Akaona afadhali kamba.

"Yeye alikwambia?" mama akaniuliza.

"Hajasema neno, mama. Hata mimi hakuniambia."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia. Alipotulia akasema, "Basi aliniona. Mume wangu wameshamuua. Huyu mtoto asiuawe kwa ajili ya mwili wangu mzee. Nitasema."

Nilirudi gerezani nimefurahi kama mwenda harusi. Nilidhani kijana atanishukuru. Alisimama, mara ya kwanza akanitazama machoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ukimwita mama mahakamani, nitamwambia jaji nimeua mimi."

"Una wazimu?"

"Nitasema nimeua. Yatakwisha."

Na angesema, nilimwona. Nilirudi hotelini nikakaa na sahani yangu ya wali mpaka ukapoa. Nilitamani mtu mmoja tu wa kumwuliza, nifanye nini hapa? Kitabu cha sheria hakina ukurasa wa mambo hayo. Mwishowe nikarudi tena Samuye kwa mama mwenyewe, maana sikuwa na mwingine. Alinisikiliza, safari hii hakulia. Akanituma maneno haya: "Mwambie mimi ndiye mkubwa. Aibu ni yangu, siyo yake kuificha. Binti yangu amekwisha fiwa na baba, asifiwe na mume. Lakini nikisema, asinitazame."

Nilimfikishia kijana. Akakaa sakafuni, kichwa katikati ya magoti. Halafu akauliza, "Atakuwa nyuma yangu?"

"Nitaomba awe nyuma yako."

"Basi."

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Mashahidi wa serikali walipita mmoja mmoja, na kila mmoja akaombwa aonyeshe alivyomkuta mshitakiwa. Wakaonyesha: miguu imepanuka kidogo, mgongo kwa nyumba, kichwa chini. Wakili wa serikali, kijana wa mjini mwenye tai pana, aliwarudisha waonyeshe tena. Alifurahi mno. Nami nilimwacha afurahi, ili wale wazee watatu wa baraza waliokaa na jaji kumshauri walishibe umbo lile.

Ikafika zamu yangu. Nikasema namwita mjane wa marehemu, na namwomba Mheshimiwa Jaji amruhusu mshitakiwa ageuke asimtazame shahidi.

Wakili wa serikali akacheka waziwazi. Jaji, mtu wa mikoa ya mbali, akauliza kama huo ni mchezo. Nikajibu, "Mheshimiwa, ni heshima ya mkwe. Wazee wa baraza wataijua." Mzee mmoja wa Kisukuma akamnong'oneza jaji. Jaji akaitikia kwa kichwa, ruhusa.

Mama akaingia. Hakuna aliyemwonyesha kijana la kufanya. Aligeuka mwenyewe kizimbani, akaupa ukumbi mgongo, miguu imepanuka kidogo, kichwa chini, akatazama ukuta. Lilikuwa umbo lile lile walilolionyesha mashahidi asubuhi nzima.

Mama akasema yote. Alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo, na mkalimani akatafsiri akiwa ameinamisha macho. Alipofika pale pa kutoka bafuni, mabega ya kijana yakaanza kutikisika, lakini hakugeuka. Wazee wa baraza wawili walitazama meza. Wa tatu alifumba macho kabisa. Wakili wa serikali alisimama kuhoji, kisha akaketi tena.

Wazee wote watatu walisema hana hatia. Jaji akakubaliana nao. Alimwachia huru kwa sentensi fupi, kisha akaondoka haraka, nadhani naye machozi yalimlenga.

Nje watu walimzunguka kijana, na mkewe alimng'ang'ania shingoni. Mama alishika njia ya kushoto, kijana na mkewe ya kulia, wote wakielekea stendi ileile. Nilisimama ngazini na joho langu mkononi nikitegemea angalau mtu arudi aseme asante. Hakurudi mtu. Nikaenda kula wali wangu. Niliumia, sitaki kudanganya, niliumia kuliko kesi zote.

Miaka ikapita. Siku moja basi letu liliharibika Kagongwa, nikashuka kutafuta cha kutafuna. Mama mmoja alikuwa anauza michembe, vile viazi vikavu vya kule. Ninachagua, nainua macho, namwona yule kijana, sasa mtu mzima mwenye kitambi, anasukuma baiskeli kuja upande wangu. Naye akaniona. Hapo hapo, katikati ya soko, akaegemeza baiskeli, akanipa mgongo na kutazama ukuta wa duka.

Ala! Damu ilinichemka. Nilisema moyoni, asante ya punda ni mateke. Nikataka kumfuata nimgeuze kwa bega, nimwambie mgongo huo unatembea kwa sababu yangu.

Muuza michembe akanishika mkono. "Mzee," akasema, "yule ni mkweo?"

Nikamtazama tena yule mtu. Kofia ameivua, ameishika kifuani. Miguu imepanuka kidogo, kichwa chini. Watu walikuwa wanampita kwa adabu, hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja pale alijua anachokiona. Nilikuwa nimeyasikia ya mama mkwe wake, nilikuwa nimeyauliza kwa kinywa changu mbele ya watu. Kwake nafasi yangu ilikuwa moja tu, ya mkwe wa kuheshimiwa, na alikuwa ameniweka hapo.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mkwe wangu."

"Basi pitia huku, baba, umpe njia."

Nikapitia huku, nyuma ya mafungu ya viazi, nikitazama chini. Nilipokwisha kumpita nikasikia sauti yake nyuma yangu, ya chini, ya heshima.

"Mwadila, baba."

Nilitamani sana kumwona uso. Sikugeuka. Nilimwitikia nikitazama mbele, nikaendelea kwenda mpaka kwenye basi.