Albamu ya Nne

Kila ninapochomeka waya wa gitaa, spika hukoroma kidogo kabla sijagusa uzi wowote. Wengine hawausikii mkoromo huo. Mimi huusikia hadi tumboni, na hapo hapo narudi Bellevue, kwenye chumba chetu ndani ya nyumba kuukuu iliyogawanywa kwa mbao, kaka yangu Trésor akinisimulia habari za bendi yake ya Aislandi.

Nasema yake kwa sababu mtaani hakuna mwingine aliyeijua. Tulikuwa tumetoka Bukavu, tukahamia pale, kusini kabisa mwa Afrika, mwaka 2015. Yaya, ndivyo sisi tunavyomwita mkubwa wetu, alipiga gitaa kanisani, na alikuwa amejifunza kwa kuwafuatisha wale watu kwenye simu. Historia yao aliijua kama mama alivyojua Zaburi. Albamu ya kwanza waliirekodi kwenye ghala la samaki, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Ya pili waliimba kwa Kiingereza, wakaenda London kutafuta jina, wakarudi mikono mitupu. Walipokuwa wakirekodi ya tatu, mwimbaji na mpiga ngoma walipigana ngumi studioni, na fundi mitambo hakuzima mashine. Mwisho wa wimbo wa mwisho unasikia kiti kikivunjika, ngoma zikianguka, kisha mtu anahema.

Tuliupenda mwisho huo kuliko nyimbo zenyewe. Tuliuigiza kwa kupigana mito, nami nilitaka nianguke pamoja na zile ngoma, si kabla wala baada. Nikichelewa kidogo, nilidai turudie. Ndivyo nilivyokuwa, na bado sijapona.

Siku moja mwaka 2019, watu walishuka na barabara yetu wakiwa na marungu na nyundo, wakitafuta wageni. Mtaani kwetu kila nyumba ilijulikana kwa muziki wake, kwa hiyo mama aliizima haraka kwaya yetu ya Kikongo.

"Trésor, weka ya kwao," alisema. "Weka kwa nguvu."

Spika ikakoroma, zikaanza nyimbo za injili za Kizulu. Tukaketi sakafuni tukaimba kama wenyeji. Naona aibu kusema, lakini kilichonitia hofu zaidi ni kwamba mama alikuwa anakosea maneno.

Haikusaidia. Mlango uling'olewa. Mmoja alimzaba mama kofi, mama akaangukia jiko. Yaya alikumbatia gitaa lake, na walipolivuta hakuliachia. Wakamlaza mkono wa kushoto juu ya kizingiti, na mwenye nyundo akapiga. Akapiga tena. Kiti kikavunjika, spika ikaanguka, kisha mtu akawa anahema. Sauti zote nilizijua, tena kwa mpangilio ule ule. Sijausikiliza mwisho wa ile albamu tangu siku hiyo.

Mkono ulipofungwa plasta, yaya aliacha kuongea. Nilimletea chai, nikamuuliza kama yule mwimbaji na mpiga ngoma walipatana.

Alipokea kikombe kwa mkono wa kulia. "Walipatana," alisema. "Wakatoa ya nne."

Akaanza kunivumia wimbo wa kwanza, akinionyesha gitaa linaingia wapi. Kesho yake akavumia mwingine. Plasta ilipotolewa vidole havikukunjika tena, lakini albamu nzima nilikuwa nimeikariri.

Baadaye nilijifunza gitaa mwenyewe, bila mwalimu, na kwa kuwa siamini kumbukumbu yangu, niliitafuta albamu ya nne mtandaoni ili nijisahihishe. Haipo. Baada ya zile ngumi wale watu hawakupanda tena jukwaa moja. Nyimbo zilikuwa za yaya, na kwa kuwa hakuwa tena na vidole vya kuzipiga, aliwapa watu waliokuwa navyo.

Sikumwambia kwamba najua. Jumapili iliyopita nilikuwa napiga ule wa kwanza, naye akasimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, tayari kwenda kazini Sandton. Nilikosea katikati, nikaacha, nikataka kuanza upya.

"Usiache," alisema. "Hata wao walikosea hapo."