Nahodha Ogweno Hajulikani Alipo

Duka la dawa za mifugo la Simeon Mosoti limeshikana ukuta na langu hapa Rangwe, na kwa sababu hiyo vita vyote vya nyota vimepiganwa karibu na mitandio yangu. Mosoti ni Mkisii, Msabato, mtu wa tai hata siku ya vumbi, na watu humwita Daktari kwa kuwa anauza chanjo ya kuku. Mimi ni Tima, Mama Fardowsa kwa majirani, nauza dera na leso. Nilizaliwa Faza, pwani, mume akanileta huku, na sina subira na mtu mzima anayecheza michezo ya kompyuta. Nataka hilo lijulikane tangu mwanzo.

Mchezo wenyewe ni hivi. Unapewa sayari moja na meli chache za angani, kisha unatawala. Unachimba madini, unajenga, unakutana na viumbe wenye macho mengi, mnapatana au mnapigana, na kampeni moja huchukua miezi. Wengine wenye aibu kama hiyo huificha. Daktari akaigeuza hadithi, sehemu baada ya sehemu. Huituma kwenye kundi la WhatsApp la wateja, palepale anapotangaza vifaranga, na huibandika mlangoni kwa wasio na simu ya maana. Kuna mzee alikuja kununua dawa ya kupe, akasoma mlango wote, akarudi kwake bila dawa na bila kujuta.

Ijumaa jua likielekea kuzama, ulimwengu mzima husimama. Hata kama majeshi yameelekezeana mizinga, Daktari huzima kompyuta akaenda kuoga. Wasomaji wamezoea. Omosa mwenye bucha husema hata wale viumbe wa macho mengi sasa ni Wasabato, maana hawajawahi kumshambulia mtu Jumamosi.

Shida ililetwa na majina. Mchezo unataka kila gavana na kila nahodha awe na jina, na Daktari, badala ya kutunga, akachukua wateja. Mimi nilifanywa balozi kwenye sayari ya gesi bila kuulizwa, na nilipohongwa na maadui huko gesini, nilimnyima chai mpaka akaniomba radhi. Omosa alipewa sayari nzima. Akatembea sokoni kifua mbele, akaanza hata kuwakatia watu nyama kwa dharau. Kisha wananchi wake wakaasi, naye akaja dukani na maini ya ng'ombe kwenye gazeti.

"Daktari, si unaweza rudisha hiyo kitu nyuma kidogo? Kabla hawajaasi?"

"Inawezekana. Lakini sirudishi."

"Juu ya?"

"Kilichotokea kimetokea, ndugu Omosa. Mimi naandika kile mchezo umesema. Nikianza kurudisha, hiyo sasa ni uongo."

Omosa akaondoka na maini yake.

Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, Lorine anauza omena, dagaa wa ziwani. Daktari alipomuuliza anataka cheo gani, alisema, "Mimi usiniweke. Weka Ogweno." Daktari akaandika Nahodha Ogweno, akampa meli ya uchunguzi, ile inayotangulia mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Hakuuliza Ogweno ni nani. Alihamia hapa akiwajua kuku tu, na mpaka leo ndio anaowajua vizuri.

Sisi wengine tulijua. Ogweno ni kaka mkubwa wa Lorine, fundi wa injini za boti kule Homa Bay. Miaka kadhaa iliyopita alivuka kwenda kisiwani kutengeneza injini ya mtu, ziwa likachafuka, boti likapatikana na yeye asipatikane. Wajaluo wana utaratibu wao kwa jambo kama hilo. Mwili ukikosekana, ukoo hutafuta yago, lile tunda refu zito la mwegea, hulifunika shuka, hulilaza jenezani na kulizika kama mtu. Mama yake Ogweno alikataa. Alisema hazikwi mtu ambaye huenda yuko njiani. Basi kifo kikabaki wazi kama mlango usio na komeo. Wadogo zake wawili wamezeeka katika vijumba vyao vya ujana karibu na lango la baba, kwa kuwa mdogo hatoki kwenda kujenga dala lake, boma lake mwenyewe, kabla mambo ya mkubwa hayajaisha.

Kila jioni akifunga meza, Lorine alimpigia mama simu na kumsomea hadithi ya Daktari. Yule mama alijua ni hadithi, hakuwa mjinga. Lakini alikuwa akisikia jina la mwanawe likitajwa: Ogweno amegundua maji, Ogweno amesalimiana na viumbe kwa heshima. Lorine aliniambia mama alianza tena kucheka kwenye simu.

Kisha Daktari akamtuma Nahodha Ogweno kwenye tundu la anga ambalo halijapimwa. Meli iliingia, haikutoka. Mchezo ukaandika kwamba hajulikani alipo, na Daktari, na ukweli wake wa kuudhi, akabandika mlangoni vivyo hivyo: Nahodha Ogweno hajulikani alipo.

Lorine alifunika omena zake, akaenda nyumbani.

Kufikia mchana soko lilikuwa na kamati ya mazishi, Omosa mwenyekiti. Walikutana buchani. Hema lilitafutwa, viti vikatafutwa, spika ikatafutwa. Mmoja akauliza marehemu atazikwa dala gani, ikiwa alikuwa akihudumu sayari nyingine. Mwingine akataka kujua kama kuna mjane, na kama yuko, ana macho mangapi. Nilikwenda kuwacheka, nikajikuta nimepewa kazi ya shuka ya jeneza. Wakamwendea Daktari kumtaka aandike mazishi.

"Mchezo haujasema amekufa," akasema. "Umesema hajulikani alipo."

"Sasa tofauti iko wapi?" Omosa akafoka.

"Meli zingine hurudi."

Maneno hayo matatu yalifika Homa Bay kabla Daktari hajafunga duka. Asubuhi Lorine alikuja na ujumbe, macho yamevimba.

"Daktari, mama amesema hivi. Ogweno wako akirudi, yeye ataendelea kungoja wake. Asiporudi, tulete yago."

"Wake nani?" akauliza Daktari.

Lorine akamweleza. Daktari akaketi juu ya gunia la chakula cha kuku, akavua tai. Sijawahi kumwona bila tai siku ya kazi, na nilimhurumia, nasema kweli, pamoja na michezo yake.

Siku zikapita, soko zima likinong'ona na kumchungulia dirishani. Kisha asubuhi moja alinigongea ukutani. Nilipofika, kwenye kioo kulikuwa na taa ndogo ya kijani ikimetameta pembeni mwa nyota zote.

"Amerudi," akasema, kwa uso wa mtu aliyeshikwa na askari. "Nikiandika amerudi, yule mama atangoja mpaka aingie kaburini. Na wale vijana wake wataoza pale."

"Basi andika hakurudi."

"Mama Fardowsa, hiyo ni kudanganya."

"Danganya!" nikamwambia. Nilikuwa na hasira, ila sikujua ni hasira na nani.

Akadanganya. Na jinsi mtu asiyezoea kudanganya alivyodanganya vizuri! Meli ilipasuka kimyakimya karibu na nyota nyeupe, nahodha akiwataja wadogo zake kwa majina. Watu walilia mlangoni. Omosa alifunga bucha kwa heshima, jambo ambalo hakulifanya hata kwa shemeji yake.

Kesho yake Mama Ogweno akaja mwenyewe, kwa bodaboda, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Alimfanya Lorine amsomee mlango wote tena, polepole. Kisha akaingia ndani.

"Wewe ndiye Daktari?"

"Ndiyo, mama. Karibu. Pole sana, mama."

"Nionyeshe mahali amepotelea."

Ilikuwa rahisi kusema stima imepotea na kompyuta haiwaki. Hapa stima hupotea kila siku, hakuna ambaye angeshangaa. Lakini Daktari alimvutia kiti, akawasha kompyuta, akamwonyesha tundu. Mama akaangalia sana.

"Na hii ya kijani inawakawaka hapa kando, ni nini?"

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama leso zangu kupitia mlangoni kana kwamba zinaibwa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Daktari haikufika hata stendi.

"Ni Ogweno, mama. Alirudi jana."

"Na umeandika amekufa."

"Nimeandika."

"Mbona?"

"Niliogopa utangoja."

Lorine akaanza kulia kwa sauti. Mimi nikawaza, basi, tumeharibu kila kitu, sasa ndio atangoja milele na hakuna wa kumwambia neno. Mama akaweka kidole kwenye kioo, juu ya ile taa, akakiacha hapo. Halafu akacheka.

"Yawa. Watu wazima wawili, mmoja na tai, mmeshindwa kuficha kataa kadogo kama haka siku moja tu. Ogweno wangu alikuwa anagonga kichwa kila mlango. Kama ako hai, ni nani angeweza kumficha miaka hii yote?"

Akaondoa kidole kwenye kioo, akamgeukia binti yake.

"Lorine, nyathina, mwanangu. Ambia ndugu zako watafute yago."

Tulikwenda Homa Bay kuzika. Kamati ya Omosa ilihamishia huko hema lake, viti vyake na spika yake, na shuka yangu ikapata jeneza. Yago lilikuwa kubwa ajabu. Wabebaji walinung'unika njia nzima, na Daktari alikuwa miongoni mwao, tai ameitupia begani. Kaburini mama aliliita jina la mwanawe, akamwambia aende vizuri, akamwambia kwamba wadogo zake sasa watajenga. Mimi, mtu wa Faza, nililia juu ya tunda mpaka mtandio ukalowa, na sitaki kusikia mtu akicheka.

Tuliporudi, Daktari alibandua ule uongo mlangoni akaandika ukweli, kwamba Nahodha Ogweno amerudi salama. Mama akatuma maagizo. Asitumwe tena kwenye matundu. Na katika kila sehemu anataka kujua kama amekula.

Sasa, katika mchezo huo hakuna anayekula. Nimeuliza. Meli hazina jiko, sayari hazina sufuria, viumbe wenye macho mengi hawana hata mdomo. Lakini Daktari, yuleyule asiyeandika ila kile mchezo umesema, hajawahi kukisahau chakula hicho hata katika sehemu moja. Lorine akipiga simu Homa Bay, husoma kwanza chakula, ndipo aseme nani ameshinda vita.

Juzi maadui walikuwa wamefika kwenye lango la sayari yetu ya mwisho. Omosa alikuwa akisoma mlangoni kwa sauti, watu wamejaa mpaka barabarani, na Nahodha Ogweno alikuwa ndiyo kwanza anaanza ugali wake na samaki mbuta. Soko zima lilisimama pale na mizigo yake, likimngoja amalize.