Vikuku vya Bibi

Juzi nilipita Temeke, nikaona kwenye kabati la kioo la sonara vikuku vya fedha vyenye nakshi kama vya bibi yangu. Nikasimama.

Nilikuwa mdogo mchana ule nilipofuatana na bibi kwenda kuviuza kwa sonara. Mama alikuwa amelazwa, akisubiri upasuaji. Duka lilinuka tindikali na mkaa. Vikuku vilikataa kutoka, ikabidi sonara ampake bibi sabuni mikononi.

"Alinivisha mama yangu, kule Kilwa," bibi alisema. "Tazama nakshi yake."

"Bibi, mie nanunua uzito tu. Nakshi inaishia motoni."

Akavipima, akamlipa. Lakini hakuviyeyusha. Bibi alipokuwa akifunga pesa kwenye pindo la khanga, nilimwona sonara akivisugua hadi vikang'aa, kisha akavifunika kwa kitambaa. Nilifurahi, nikidhani anamtunzia bibi. Leo najua alikuwa anamwandalia mteja atakayeilipia nakshi ileile.

Njiani nilimwuliza bibi, "Mama akipona tutavifuata?"

"Tutavifuata, mjukuu wangu," alijibu, huku akipapasa mkono uliobaki mtupu.

Pesa zile hazikutosha upasuaji. Tulinunulia sanda.