Upande Wake wa Kushoto

Duka langu la kushona sare za shule limepakana na kinyozi hapa Kitui mjini. Kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo kila mchezaji mkubwa wa mpira wa vikapu kule Marekani akisema amechoka na timu yake, mimi huwa nimeshajua kabla sijamaliza kupinda kola. Vijana wanaongoja kunyolewa hubishana kama walioibiwa mbuzi.

"Miaka yote hiyo anabeba timu na mgongo, na hana hata kikombe moja," mmoja alisema juzi. "Si aende tu atafute kwa wengine."

"Aende wapi? Hao mafans walimpenda wakati hakuna mtu alikuwa anamjua."

"Mapenzi ya mafans inakulwa?"

Wakacheka. Hawajawahi kuniuliza maoni yangu, nami sijayatoa. Wao hupigania tu kama anayeondoka ana haki au hana. Sijasikia hata mmoja akiuliza habari za yule mfupi anayebaki, ambaye kazi yake yote ilikuwa kumtafuta mrefu na kumpa mpira.

Mimi nilikuwa huyo mfupi.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, nje kidogo ya Kwa Vonza. Kiwanja chetu kilikuwa cha udongo mwekundu na nguzo za ringi zilichomelewa kutoka kwa mabomba ya maji yaliyozeeka. Moja ilikuwa imeinama mbele kidogo. Timu za wageni zililalamika kwa refa. Sisi hatukuona shida, tulijua inainama kiasi gani.

Rafiki yangu alitoka Zombe. Alipoingia kidato cha kwanza alikuwa amemzidi mwalimu wa michezo kwa kichwa kizima, na miguu yake ilitokeza nje ya kitanda kama mizigo iliyofungwa vibaya. Tulikalishwa dawati moja kwa bahati tu. Mwalimu wa darasa alisema mrefu na mfupi wakikaa pamoja wataoneana huruma. Aliona ni mzaha, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Muhula wa kwanza haujaisha, tukifua nguo karibu na tangi, aliniambia jicho lake la kushoto halioni. Alipokuwa mdogo walikuwa wakichunga mbuzi, aliyemtangulia akasukuma tawi la mgunga apite kisha akaliachia, na mwiba ukamchoma. Nyumbani waliliosha kwa maji ya chumvi. Jicho lilipoacha kuvuja walidhani limepona, naye hakuwaambia kwamba upande ule ulikuwa umebaki giza. Aliogopa kupigwa, baadaye aliogopa kuchekwa, mwishowe akazoea. Ukilitazama kwa karibu ungeona doa jeupe dogo kama chembe ya unga. Watu waliliona hilo doa na hawakuuliza zaidi.

"Usiambie mtu," alisema.

"Nitaambia nani?"

Tangu siku hiyo nilitembea kushoto kwake. Tukienda kanisani, tukipanga foleni ya githeri ya mchana, tukikimbia asubuhi, nafasi ile ilikuwa yangu. Msichana mwingine akisimama hapo, yeye aligeuka mwili mzima mpaka amjue ni nani, halafu akapata kisingizio cha kuhama. Mimi hakunigeukia. Uwanjani nilikimbia upande huo huo na kumwita kabla sijatupa mpira, naye alinyoosha mkono mahali sauti ilipotoka. Watu waliokuwa wakitazama walisema tuna uchawi. Hatukuwa na uchawi. Alikuwa akinitumia mimi kuona, nami nilikuwa nikimtumia yeye kuwa mtu. Bila yeye ningekuwa kasichana kafupi kanakojua kudunda mpira.

Miaka miwili tulifika mashindano ya mkoa, na miaka miwili tukarudi na vyeti vya kushiriki. Mara zote tulitolewa na shule moja ya Makueni yenye kiwanja cha simiti na viatu vinavyofanana. Mara ya pili kocha wao alikuja kumsalimu rafiki yangu baada ya mechi. Alimshika mkono kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na chupa ya maji, naye hakunitazama hata kwa bahati mbaya.

Desemba hiyo kocha alienda Zombe kuzungumza na wazazi. Januari tulipofungua shule, upande wake wa dawati ulikuwa mtupu.

Hakuniaga. Nilisikia kwa msichana wa kijiji cha kwao kwamba atasomeshwa bure, na kwamba wamemrudisha kidato cha pili ili wamchezeshe mwaka zaidi. Barua yake ilinifikia wiki ya tatu, karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Aliandika kwamba huko wanakunywa chai yenye maziwa kila siku, kwamba wanamcheka kwa Kikamba chetu cha Kitui, na kwamba amechoka kushindwa. "Nataka kushinda mara moja tu nijue inakaa aje," alimaliza. Sikumjibu.

Mwalimu mkuu alituambia kwenye gwaride kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wasichana wa timu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilitikisa kichwa pamoja nao, nikafanywa nahodha kwa sababu ya uaminifu wangu. Lakini nataka kusema ukweli hapa, maana sijausema kwingine. Kocha yule angeniita mimi, ningefunga sanduku siku hiyo hiyo na kusahau kufuli. Sikubaki kwa uaminifu. Nilibaki kwa sababu hakuna aliyenitaka.

Muhula ule nilikuwa mpweke kuliko wakati wowote maishani mwangu, na nimeshazika watu tangu hapo. Mazoezini mkono wangu ulitupa mpira mahali alipokuwa akisimama, ukapita hewani, ukatoka nje ya mstari na kuingia kwenye shamba la mbaazi. Nilienda kuuokota. Wenzangu walinicheka mara ya kwanza na ya pili, halafu wakaacha kucheka. Kanisani niliendelea kukaa mwisho wa benchi, kana kwamba kuna mtu wa kuketi kulia kwangu. Hasira yangu haikuwa na pa kwenda ikawa inazunguka ndani. Niliomba Mungu atukutanishe na shule yake mpya, na niliomba rafiki yangu ashindwe mbele ya watu ili kuondoka kwake kuonekane upumbavu. Niliomba hivyo kwa magoti, macho nimefumba.

Tulikutana nao nusu fainali ya mkoa, mwisho wa muhula, katika shule nyingine ya Makueni tulikolala tukiwa wageni. Asubuhi ya mechi tulikuwa tukinywa chai kwenye ngazi za darasa. Mwalimu wa michezo, mama mpole aliyefundisha dini na ambaye alijifunza mpira kwa kutusomea kitabu cha sheria, alikuja akaketi kando yangu.

"Wewe ulikaa na yeye miaka miwili," alisema. "Huyo msichana tunamzuia namna gani?"

Nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Nakumbuka nilikitafuna chote nikakimeza kwanza. Sikusukumwa na mtu, wala sikuteleza ulimi.

"Haoni kushoto, Mwalimu."

"Haoni vizuri?"

"Haoni kabisa."

Alishikilia kikombe chake bila kunywa. Nadhani alitaka kuniuliza kama rafiki yangu anajua kwamba ninasema, kisha akakumbuka miaka miwili ya vyeti vya kushiriki. "Asante," alisema, na akaenda kuwaita wasichana wawili wenye mbio.

Sikupewa mimi kazi ya kumkaba. Niliangalia tu. Wale wawili walimjia kutoka kushoto kila alipogusa mpira, na kila mara walimpokonya kama mtu anayechukua kitu mezani. Alikuwa amezoea kulindwa upande ule kiasi kwamba hakuwa amejifunza kujilinda. Wenzake wapya hawakujua chochote, hakuwa amewaambia. Wanafunzi wenyeji waliokuwa wakimshangilia walianza kumwambia aamke. Kocha wake alisimama, akaketi, akasimama tena.

Katika kipindi cha tatu mwenzake mmoja alimtupia pasi ya kawaida, pasi nzuri kabisa, kutoka kushoto, bila kumwita. Mpira ulimpiga usoni. Alikaa chini, damu ikitoka puani, viganja vimefunguka mbele yake kama bado anausubiri. Kisha akageuza kichwa polepole, akatutazama mmoja mmoja kwa lile jicho zima mpaka aliponifikia mimi. Hapo akaacha kutafuta.

Alitolewa nje. Tukashinda. Wenzangu walinibeba, na mwalimu akatushikisha mikono tukamshukuru Mungu. Niliitikia amina kwa sauti, na ndani yangu hapakuwa na furaha hata ya kujaza kijiko. Kesho yake fainali tulichapwa na timu nyingine, kichapo cha kusahaulika, tukarudi Kwa Vonza na kikombe cha nafasi ya pili. Kiliwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kule hakufukuzwa na mtu. Walimpima macho, wakampa pole, wakaacha kumpanga. Msichana asiyechezeshwa katika shule iliyomchukulia mpira ni mgeni anayekula chakula cha watu. Muhula wa pili ulipofika katikati alikuwa nyumbani Zombe. Kwetu hakuweza kurudi; darasa lilikuwa limejaa, au ndivyo mwalimu mkuu alivyosema, yule wa mwacha asili.

Likizo ya Agosti nilimwambia mama ninaenda kusalimia rafiki. Nilipanda boda boda kutoka barabarani, na njia nzima nilipanga maneno ya kuomba msamaha. Nilimkuta uani ameketi juu ya mkeka, anachagua ndengu kwenye ungo. Alinisalimia kama mtu anayejibu hodi ya jirani. Mama yake ndiye aliyefurahi. Alinishika mikono miwili, akaniletea kiti, akanipakulia muthokoi mpaka sahani ikafurika.

"Mwanangu, ungejua tulivyopitia," alisema kwa Kikamba, akikaa karibu nami. "Miaka yote hiyo nimelea mtoto asiyeona kushoto na mimi sijui. Walimu wa Makueni wametuambia walisikia kwa mwalimu wenu, na kwamba ni msichana mmoja wa shule yenu aliyetaja. Tukampeleka Kitui. Daktari amesema hili la kushoto lilikufa zamani, lakini la kulia ndilo la kutunzwa, na amempa miwani. Sasa kila nikiomba ninamwombea huyo msichana. Mungu ambariki popote alipo."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nilimwangalia rafiki yangu. Angeweza kunitaja kwa neno moja, na sidhani mama yake angekasirika. Pengine angeniongezea chakula.

"Amina," rafiki yangu alisema, akapuliza makapi kutoka kwenye ungo.

Nikala. Sijui hata leo kama alinilinda au aliniadhibu. Maneno yangu yote ya boda boda yalikauka, maana nitaombaje msamaha mbele ya mama ambaye ameshanibariki?

Jua lilipopungua nikasema niondoke. Kwetu mgeni haagwi mlangoni tu, husindikizwa hatua kadhaa, na mama yake alimwambia, "Simama umsindikize mwenzako." Akasimama, akakung'uta sketi, akavaa miwani. Ilikuwa mikubwa kwa uso wake.

Tulitoka boma tukashika njia ya mchangani inayoelekea barabarani. Miguu yangu yenyewe ilinipeleka kushoto kwake, na tulipoanza kwenda mwendo mmoja nikahisi, kwa mara ya kwanza tangu Januari, kwamba niko mahali pangu. Nikafikiri labda maneno hayahitajiki. Nikafikiri labda tumeshasameheana.

Tulitembea hivyo kama hatua ishirini. Kisha akasimama.

"Hapana," alisema, bila ukali wowote. "Kuja huku."

Akazunguka nyuma yangu, taratibu, akaniweka upande wake wa kulia. Akageuka kidogo kuhakikisha kwamba ananiona vizuri. Ndipo tukaendelea kutembea hadi barabarani.