Bibi Mwenye Makaburi Mawili

Mtu hufa mara moja, huzikwa mara moja. Nilidhani hilo halina mjadala.

Kumbe mjadala upo, tena ndani ya familia niliyoolewa.

Kila Novemba, siku ya marehemu wote, tunasugua kaburi la Bibi Ottilie hapa kwetu Saint-Morand, Texas. Nimelisugua tangu nilipoolewa. Nalijua mpaka ufa wake.

Mwaka jana nikalikuta kaburi la Bibi Ottilie ng'ambo ya bahari. Jina lile lile. Mume yule yule. Nyuma ya kanisa la kijiji cha Oberbrunn, huko Alsace, Ufaransa.

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama mawingu.

Ngoja niwapeleke mwanzo.

Mji wetu ulianzishwa na watu wa Alsace waliovuka bahari kutafuta ardhi. Wajukuu wao bado wapo na hawakuachi usahau. Ukienda kununua mkate tu, utaambiwa babu wa muuzaji alishuka melini na kinanda.

Hakuna babu aliyeshuka na njaa. Wote walishuka na kinanda.

Mama mkwe wangu, Hortense, ndiye mwenyekiti wa Chama cha Familia za Kwanza. Alizaliwa ukoo wa Muckensturm, akaolewa na Ehrhart, na jina la Ehrhart hulitumia misibani tu. Sebuleni kwake imetundikwa picha ya Bibi Ottilie, mke wa Aloyse Muckensturm wa meli ya kwanza. Kichwani ana fundo la utepe mweusi, pana kama mabawa ya kunguru. Uso kaukaza. Wageni huiamkia picha kwanza, wenye nyumba baadaye.

Mimi ni Eloisa Arispe. Sisi tulikuwa hapa kabla ya meli, kabla ya mpaka, kabla Texas haijajua jina lake. Lakini hatukushuka kutoka popote, kwa hiyo hatuna chama.

Sasa tuje kwenye soseji, maana ndiko ugomvi ulikoanzia.

Mwezi wa nane tuna sikukuu ya Mtakatifu Ludoviko. Mji mzima unakula soseji kando ya mto. Wanaume wanasaga nyama uani na kuijaza kwenye utumbo. Ila viungo vinachanganywa na wanawake wa ukoo wa Muckensturm peke yao, katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa kanisa, mlango umefungwa.

Viungo vya Bibi Ottilie. Siri ya Alsace.

Msichana wa ukoo akifika miaka kumi na sita anaingizwa humo. Akitoka, ameshakuwa mtu mzima. Mkaza mwana haingii. Mimi huishia mlangoni na ndoo ya maji, na wala sikuwahi kujali. Ninafanya kazi kwa daktari wa mifugo. Harufu za kutosha ninazo.

Aliyejali ni binti yangu, Delphine. Kumi na sita yake ilikuwa inafika. Aproni alishajishonea, na jina lake mfukoni.

Mama mkwe akaja kunywa kahawa, akasema vile mtu anavyosema mvua itanyesha:

"Delphine nampenda, unajua. Lakini chumba kile kinataka damu ya meli pande zote mbili. Mwaka huu ataingia Noelie. Delphine atagawa haradali."

Noelie ni binti wa shemeji yangu. Mama yake, Claudette, anatoka familia ya meli ya pili, na hakai kwenye kiti bila kukukumbusha.

"Haradali, mama?"

"Nayo ni kazi ya heshima."

Delphine hakulia mbele yake. Alilia bafuni, bomba kalifungulia, akidhani sisikii.

Mama gani hasikii?

Mume wangu, Armand, akajaribu kunipoza. "Mwache mama, Eloisa. Ndivyo alivyo."

"Na mimi ndivyo nilivyo."

Nikamfuata mama mkwe kwake. Claudette alikuwepo, anakula keki.

"Mama, hiyo damu ya meli imethibitishwa na nani?"

"Na picha. Na kaburi. Na chama."

"Chama ni wewe."

Akavimba. "Juni nakwenda Oberbrunn kufuatilia mizizi. Njoo unibebee mizigo, ujionee mwenyewe."

"Na mizizi ikipungua?"

"Ikipungua hata uzi mmoja, Delphine anaingia chumbani, tena nitamfungulia mlango mimi."

"Claudette, umesikia?"

Claudette akaitikia kwa kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa.

Tukaenda.

Oberbrunn tulipokelewa na Marthe Muckensturm, bibi mfupi mwenye mikono ya kulima, mzao wa kaka yake Aloyse. Mama mkwe alishuka kwenye teksi na utepe mweusi kichwani, ule mpana. Dereva alikuwa amemchungulia kwenye kioo njia nzima.

Nitampa haki yake: lugha ya kwao anaijua. Alifundishwa na baba yake. Mimi sijui hata neno, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa mkalimani wangu.

Marthe akamtazama kichwani, akasema kitu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema nimependeza."

Marthe akanigeukia, akasema kwa Kiingereza safi: "Nimesema hizo tepe nyeusi huku kwetu ni za Waprotestanti. Sisi ni Wakatoliki. Bibi zetu wangemfungia mlango."

"Kumbe unajua Kiingereza, mama?"

"Nimefanya kazi hotelini Colmar. Wageni ningewasutaje?"

Hapo nikajua safari itakuwa tamu.

Mama mkwe akauvua utepe, akautia mkobani, akajikaza. Akaomba aonyeshwe nyumba aliyozaliwa Bibi Ottilie. Alitarajia ngome. Chama chake kina kijitabu kinachotaja ngome.

"Nyumba ilishabomoka, lilikuwa banda la bata bukini," Marthe akasema. "Lakini mwenyewe yupo. Njooni."

"Mwenyewe yupo vipi?"

Akatupeleka nyuma ya kanisa. Akafuta majani kwenye jiwe.

Ottilie, mke wa Aloyse Muckensturm aliyekwenda Texas.

Ndipo mama mkwe alipotazama mawingu.

"Walifika wote wawili mpaka bandarini," Marthe akasimulia. "Ottilie akaitazama meli, akasema, 'Mimi siingii kwenye kiatu hicho.' Aloyse akabembeleza. Wapi! Akajitwika birika lake, akarudi kwa miguu nchi nzima. Akafuga bata bukini, akamsema mumewe mpaka uzee. Hadi leo hapa mwanamke akikataa jambo, tunasema amefanya Ottilie."

"Hata kutembea tu, hakuwahi kwenda Texas?" nikauliza.

"Dada yangu, huyo hata mto Rhine hakuuvuka."

Mama mkwe alikuwa amelishika jiwe kwa mikono miwili. "Basi yule wa pichani ni nani?" akasema. Hakumuuliza mtu.

Jikoni kwa Marthe akachomoa silaha yake ya mwisho mkobani. Kopo la viungo vya kile chumba.

"Viungo haviongopi," akasema. "Viungo ni vya hapa hapa. Leteni nyama."

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, kopo lile likafunguliwa mbele yangu. Akachanganya, akakaanga.

Jamani.

Nilifumba macho nikawa kwa bibi yangu Chayo, niko kwenye kigoda, namenya vitunguu. Mbegu za giligilani. Bizari nyembamba. Ganda la chungwa lililochomwa juu ya makaa. Na ile pilipili yetu ndogo ya porini, ya mviringo, ambayo ndege huila na kuipanda chini ya kila ua wa Texas.

Marthe akatia tonge kinywani.

Akakohoa. Akawa mwekundu. Akanywa maji, maji yakazidisha.

"Hiki mnawapa watu?" akasema, machozi yanamtoka. "Walio hai?"

"Ni chenu!" mama mkwe akalia. "Cha Bibi Ottilie!"

"Sisi hapa ni chumvi, pilipili manga na kungumanga, basi. Hiyo sumu hata kwenye picha sijaiona."

Wote wawili wakanitazama. Nadhani uso wangu ulishasema.

"Kwetu kuna hadithi," nikaanza. "Babu ya babu yangu alikuwa na dada, Petra Arispe. Alivuka mto kwenda kuwapikia watu wa meli, hakurudi. Bibi Chayo alikuwa akisema, 'Petra alikwenda kwa watu wa meli, wakambadilisha jina.' Nikadhani ni msemo tu wa kumwombolezea mtu aliyepotea."

"Abadilishwe jina kwa nini?" Marthe akauliza.

Nikamwachia mama mkwe ajibu. Jibu analijua kila mtoto wa Saint-Morand, wanafundishwa darasani. Wenye koloni walimpa mwanamume mwenye mke ardhi mara mbili ya kapera.

Aloyse aliandikishwa bandarini kama mwenye mke. Akashuka Texas bila mke. Na mpima ardhi alikuwa njiani.

"Alihitaji Ottilie," mama mkwe akasema polepole.

"Akampata jikoni," nikasema.

Halafu sauti ndogo ya mama mkwe: "Shamba lote lile?"

"Nusu, mama. Nusu ni ya Petra."

Marthe akammiminia pombe kali ya plamu, na mama mkwe, asiyekunywa, akaimeza kama dawa. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Lakini akasema, "Maisha yangu yote namwombea yule mama kwa jina la mwanamke mwingine," na kicheko kikagoma kutoka.

Ndegeni akaniinamia. "Usimwambie mtu."

"Sisemi. Delphine anaingia?"

"Anaingia."

Kwangu mambo yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa sijamjua mama mkwe vizuri.

Tuliporudi aliniweka chini ya picha. "Geuka upande," akaamuru. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama picha. "Pua ile ile," akasema, na akaenda chumbani bila kuniaga.

Jumamosi ya viungo ikafika. Ukoo mzima uko uani. Noelie na Delphine wako mlangoni, aproni mpya zote mbili. Claudette ameketi mbele na kamera.

Mama mkwe akatokea.

Hana utepe. Amejitanda shali la Kimeksiko, jipya, bei bado inaning'inia kwa nyuma.

Nikasema moyoni, kimenuka.

"Ndugu zangu!" akaanza. "Nimefuatilia mizizi yetu kwa taabu kubwa. Chumba hiki hakikuanzishwa na Ottilie. Kilianzishwa na Petra Arispe, mwanamke wa nchi hii, shujaa, ambaye bila yeye tungekuwa na nusu ya ardhi na soseji zisizo na ladha!"

Akasimulia yote. Bandari, kiatu, mpima ardhi. Mimi niliyeapishwa ndegeni nikabaki mdomo wazi. Wazee wa chama walibadilika rangi kama nyama ya jana. Halafu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, na kabla makofi hayajaisha, jirani mmoja alishakumbuka kwamba hata babu yake hakuwa na kinanda kikubwa kiasi hicho.

Nikaanza kumpenda mama mkwe.

Hapo hapo akaharibu.

"Kwa hiyo kuanzia leo, chumba hiki kinataka damu ya Arispe pande zote mbili. Delphine ataingia. Noelie, kipenzi changu, utagawa haradali."

"NINI?" Claudette akaangusha kamera.

Armand alikuwa uani na utumbo mkononi. "Subirini. Pande zote mbili? Eloisa, kwani mimi na wewe ni nani?"

"Binamu wa mbali sana. Jaza soseji."

Lakini mimi nilikuwa namtazama Noelie. Alikuwa anatazama huku na huku, anatafuta pa kwenda. Nilijua anatafuta nini. Anatafuta bafu lenye bomba.

Delphine naye aliona. Alikuwa ameshika kitasa, kile alichokililia miezi yote. Hatua moja tu na amepata.

"Bibi," akasema, "na wewe je?"

"Mimi vipi?"

"Damu yako ya Arispe ni ya upande wa baba. Mama yako alikuwa wa meli. Kwa sheria hiyo unabaki nje."

Mama mkwe akaanza kuhesabu mababu kwa vidole.

"Na shangazi wote wanabaki nje. Humo ndani nitakuwa peke yangu, na sijui hata pa kuanzia." Delphine akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. "Noelie, njoo. Shangazi Claudette, njoo. Mama, lete ndoo yako ndani."

Mlango ule haujawahi kuachwa wazi. Siku hiyo uliachwa.

Na ndipo tukajua kwa nini huwa unafungwa. Upepo wa mtoni ukaingia, ukabeba pilipili iliyosagwa, ukaitembeza uani. Ukoo mzima ukapiga chafya. Meli ya kwanza, meli ya pili na tusio na meli. Padri alilia kama mfiwa.

Mama mkwe aligawa haradali mwaka ule. Kwa hasira, lakini aligawa.

Novemba tulikwenda kusugua kaburi. Chini ya jina la Ottilie ameongezesha jina la Petra, herufi kubwa kuliko za mwanzo. Alipiga magoti akasugua mwenyewe. Mimi nilishika ndoo.

Nanyi mnaofuatilia koo zenu, fuatilieni, msiogope. Ila usichimbe mizizi ili upate fimbo ya kumchapia mwenzako. Utachimba, utaing'oa, utainua mkono, kumbe uliyemkusudia ndiye nusu ya shina lako.